Kisukari: kapteri bila bandeleti ni zawadi nusu

Tarehe 24 Novemba 2025, kampuni ya Abbott ya Marekani ilitangaza kwamba baadhi ya kapteri zake za kupima sukari mwilini, aina ya FreeStyle Libre 3 na FreeStyle Libre 3 Plus, zinaweza kuonyesha kwamba sukari ya mgonjwa iko chini wakati haiko chini. Kasoro ilitokea kwenye mstari mmoja wa utengenezaji kiwandani. Nchini Marekani peke yake, kapteri zilizohusika zilikuwa karibu milioni 3. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba imepokea ripoti 736 za madhara makubwa duniani, pamoja na vifo 7, ambavyo vinaweza kuwa na uhusiano na kasoro hiyo.

Huko Marekani, mgonjwa aliyenunua kapteri hizo alikuwa na njia ya kujua. Kampuni iliwaandikia wateja wake, ikafungua ukurasa kwenye intaneti ambapo mtu anaandika nambari ya kapteri yake na kujibiwa kama imo kwenye kundi lenye kasoro, na ikaahidi kubadilisha kapteri mbovu bila malipo. Shirika la serikali linalosimamia chakula na dawa, FDA, nalo likatoa onyo kwa umma. Mfumo huo una mapungufu yake, lakini upo.

Sasa ichukuliwe kapteri ya aina hiyo hiyo iliyonunuliwa ng'ambo, ikatiwa kwenye valizi ya mjomba anayekuja kusalimia, ikapita Kigali au Kampala, ikafika Goma, Butembo, Bukavu au Uvira. Jina lililoandikwa kwa famasi kule ni la mjomba. Anwani ni ya mjomba. Barua ya onyo, kama ikiandikwa, itafika kwa mjomba, na huenda mjomba asiifungue. Mtoto aliyebandikwa kapteri mkononi hayumo kwenye orodha yoyote. Kwa kampuni, kwa serikali ya nchi ilikonunuliwa, na kwa wizara ya afya huko Kinshasa, mtoto huyo hayuko.

Hapo ndipo shida ilipo. Kapteri ya sukari inakosea, kama kipimo kingine chochote kinavyokosea, na watengenezaji wanalijua hilo. Lakini mashariki mwa Kongo kapteri inafika peke yake: bila maelezo katika lugha ambayo familia inaisoma, bila munganga aliyeizoea, bila njia ya kupata habari inapoharibika, na mara nyingi bila kile kitu kidogo ambacho kingeweza kuikosoa, yaani mashine ya kutoboa kidole na bandeleti zake. Kwa hiyo kanuni moja inapaswa kukubaliwa na familia, waganga na ndugu walioko ng'ambo: asiye na bandeleti nyumbani asitumie kapteri kuamua kiasi cha insulini.

Kifaa kizuri, lakini hakipimi damu

Isieleweke vibaya. Kapteri ni moja ya vitu vizuri vilivyowafikia wagonjwa wa kisukari tangu insulini ilipogunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921. Ni kifaa kidogo cha mviringo kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na aina nyingine tumboni. Kinakaa hapo siku 10 hadi 15 kulingana na aina. Kila dakika chache kinapima, kinatuma namba kwenye simu, na aina nyingi za sasa zinapiga kelele sukari ikishuka sana au ikipanda sana. Kwa mzazi wa mtoto anayechoma insulini, kelele hiyo ya saa nane ya usiku inaweza kuokoa maisha. Na mtoto aliyezoea kutobolewa vidole mara nne au tano kwa siku anapumzika.

Lakini ni vizuri kila anayekibandika ajue kinapima nini. Mashine ya kidole inapima tone la damu. Kapteri haipimi damu. Ina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo kwenye maji yanayozunguka chembe za mwili. Sukari inaingia kwanza kwenye damu, kisha inavuka kwenda kwenye maji hayo. Kwa sababu hiyo namba ya kapteri inachelewa nyuma ya damu, kwa kawaida dakika 5 hadi 15.

Mtu akiwa ametulia, hajala karibuni wala hajafanya kazi nzito, ucheleweshaji huo hauna shida: namba mbili zinakaribiana. Lakini aliyetoka kula sahani ya bugali, au aliyepanda mlima na bidoni la maji mgongoni, sukari yake inabadilika haraka. Wakati huo damu iko mbele na kapteri iko nyuma. Kidole kinasema 90, kapteri bado inasema 130. Hakuna iliyoharibika, kapteri inaeleza hali ya dakika chache zilizopita.

Ucheleweshaji huo una hatari yake pale sukari inaposhuka. Mgonjwa akiona namba chini ya 70, anafundishwa kuchukua gramu 15 za sukari, sawa na vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Akipima tena kwa kapteri, anaweza kuona namba bado iko chini, wakati damu imekwisha kupanda. Anakunywa tena. Anaongeza soda. Baada ya saa moja yuko 300, na anachoma insulini kuishusha. Siku nzima inakuwa kupanda na kushuka. Bandeleti moja kwenye dakika ile ya 15 ingemaliza mambo.

Namba inapodanganya bila kifaa kuharibika

Ziko sababu nyingine zinazojulikana, na zimeandikwa kwenye karatasi za watengenezaji, zile zinazotupwa pamoja na boksi.

Ya kwanza ni saa za mwanzo. Kapteri mpya mara nyingi haina uhakika mzuri katika masaa 24 ya kwanza, kwa sababu mwili bado unakizoea kitu kigeni kilichoingia chini ya ngozi. Mgonjwa asiyejua hili anabandika kapteri asubuhi na mchana anabadilisha dozi kwa namba ya kifaa ambacho hakijatulia.

Ya pili ni usingizi. Mtu akilalia mkono wenye kapteri, uzito wa mwili unabana sehemu ile, na namba inashuka hata kama damu haijashuka. Kelele inalia, mama anaamka, anamnywesha mtoto maji ya sukari gizani. Asubuhi mtoto ana 280 na hakuna anayeelewa kwa nini. Katika nyumba ambamo watoto watatu wanalala kitanda kimoja, jambo hili linaweza kurudi usiku baada ya usiku.

Ya tatu ni dawa. Kwa kapteri kadhaa za FreeStyle Libre, kumeza zaidi ya miligramu 500 za vitamini C kwa siku kunaweza kupandisha namba kuliko ukweli. Kidonge kimoja cha miligramu 1000, kile kinachotoa povu kwenye glasi ya maji, kinavuka kiwango hicho, na watu wanakinunua bila karatasi ya munganga kila wakisikia mafua. Parasetamoli nayo imekuwa ikizidanganya kapteri za aina kadhaa, hasa za zamani. Kwa zile mpya za Dexcom, kipimo cha kawaida hakina shida lakini kuzidisha kuna shida. Kuna pia hidroksiurea, dawa wanayopewa wagonjwa wa drepanositozi, ugonjwa ambao Wakongo wengi wanauita SS. Watengenezaji wa Dexcom wanaonya wazi kwamba dawa hiyo inafanya kapteri zao zionyeshe sukari ya juu isiyokuwepo. Mtoto mwenye SS na kisukari pamoja hapatikani kila nyumba. Lakini katika nchi ambako SS imejaa, munganga anayemwandikia hidroksiurea anapaswa kuuliza kama kuna kapteri mkononi.

Ya ine ni joto na njia. Kapteri zinatakiwa kuhifadhiwa mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30 hivi, kulingana na aina. Goma na Bukavu, kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari, zina baridi ya kutosha. Lakini kifurushi hakianzii Goma. Tangu mji huo ulipoangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, na Bukavu kufuata mwezi wa Februari, safari za vitu vidogo zimekuwa ndefu zaidi: basi, moto, mpaka, depo, moto tena. Boksi linaweza kushinda siku nzima kwenye dirisha la gari juani. Huko Uvira, Kalemie au Kindu joto liko palepale nyumbani. Hakuna anayeweza kutazama kapteri iliyopikwa na jua na kujua kwamba imepikwa.

Ya tano ni umeme. Kapteri nyingi zinategemea simu ili kelele ya hatari isikike. Simu ikizimika kwa sababu umeme umekatika tangu jana, mgonjwa anabaki na kifaa mkononi na ukimya. Familia ikishazoea kelele, inasahau kwamba ukimya hauna maana ya usalama.

Namba moja, vipimo viwili

Kuna mtego mwingine ambao hautokani na kapteri hata kidogo, nao unaweza kuua. Vituo vya afya vya Kongo, sawa na Ubelgiji na Ufaransa, vimezoea kuhesabu sukari kwa miligramu katika desilita, yaani mg/dl. Kanada na Uingereza wanahesabu kwa milimoli katika lita, mmol/l. Ili kutoka mmol/l kwenda mg/dl, namba inazidishwa kwa 18.

Sukari ya 100 ya Kongo ni 5.6 ya Kanada. Sukari ya 70, ambapo hatari ya kushuka inaanza, ni 3.9. Kisomeo kilichotoka kwa dada aliyeko Montréal kikionyesha 12, bibi aliyezoea mamia atadhani mjukuu anakufa kwa kukosa sukari, atamnywesha soda. Kumbe 12 ni 216: sukari iko juu, na soda inaipandisha zaidi. Kwa upande mwingine, muuguzi anayesikia kwa simu kwamba "mtoto ana 4" bila kuambiwa ni 4 ya nini hawezi kumsaidia mtu yeyote.

Kinga yake haina gharama. Herufi zinazofuata namba zisomwe siku ya kwanza, na ziandikwe kwa kalamu kwenye daftari la mgonjwa, pamoja na mfano: 3.9 ni 70, 5.6 ni 100, 10 ni 180.

Saa ya mkononi ni jambo lingine

Kabla ya kwenda mbele, jambo moja lisemwe bila kuzunguka. Kwenye masoko na kwenye mitandao kunauzwa saa na pete ambazo muuzaji anasema zinapima sukari bila sindano wala uzi, kwa mwanga tu juu ya ngozi. Tarehe 21 Februari 2024, FDA ya Marekani iliwaonya wagonjwa wasitumie vitu hivyo, ikasema haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Kapteri inayokosea ina msingi wa kweli: kuna kitu kinachopima sukari. Saa za namna hiyo zinatoa namba tu. Kuzitumia kuamua insulini ni sawa na kupiga bahati nasibu na maisha ya mtu. Aliyepewa moja aitumie kuangalia saa.

Kidole nacho si Mungu

Wanaotetea kapteri wanaweza kujibu: na mashine ya kidole, je, haikosei? Inakosea. Kulingana na kanuni ya kimataifa ISO 15197 ya mwaka 2013, mashine inakubaliwa ikiwa vipimo 95 kati ya 100 havipishani na maabara kwa zaidi ya asilimia 15 pale sukari inapokuwa 100 au zaidi, au kwa zaidi ya 15 mg/dl pale inapokuwa chini ya 100. Maana yake, mashine nzuri kabisa inaweza kusema 175 wakati maabara inasema 200, na hakuna wa kulaumiwa. Bandeleti zilizokwisha muda, au zilizoachwa kwenye kopo lisilofungwa vizuri, zinakosea zaidi. Mikono iliyotoka kumenya embe na haikunawiwa inaweza kutoa namba ya ajabu. Mgonjwa aliyepungukiwa sana na damu, kwa mfano baada ya malaria kali, anaweza kuonyeshwa namba iliyo juu kuliko ukweli.

Ni kwa sababu hiyo haifai kumwabudu mmoja na kumdharau mwingine. Nguvu iko kwenye kulinganisha. Vifaa viwili vinavyokosea kwa sababu tofauti, vikikubaliana, mgonjwa ana haki ya kuamini. Vikipishana sana, kuna jambo la kutafuta. Kidole kikisema 200 na kapteri 180, hakuna habari. Kidole kikisema 200 na kapteri 80, mikono inawiwe kwa maji na sabuni, ikaushwe, kidole kitobolewe tena. Kama bado vinapishana hivyo wakati mgonjwa ametulia, kapteri hiyo isitumike tena kuamua dozi. Na pale ambapo mgonjwa ana malaria kali au damu kidogo, neno la mwisho ni la maabara ya hospitali.

Juu ya vifaa vyote kuna mwili wenyewe. Anayetetemeka, anayetoka jasho la baridi, anayeongea maneno yasiyoeleweka, apewe kitu cha sukari mara moja kama anaweza kumeza, hata kama simu inaonyesha 150, kisha apimwe kidole. Aliyezimia hanyweshwi chochote, anakimbizwa kituoni. Mgonjwa wa malaria aongezewe uangalifu, kwa maana malaria kali inaweza kushusha sukari kweli, na kinini nayo inaishusha. Na anayekojoa sana, anayeona kiu isiyoisha, anayetapika, asitulie kwa sababu kapteri inasema kila kitu ni sawa. Kasoro iliyotangazwa mwezi wa Novemba 2025 ilikuwa ya namna hiyo hasa: kapteri inasema chini, mgonjwa anaongeza chakula au anaacha insulini, na sukari ya kweli inapanda bila kelele. Mwaka mmoja na miezi kabla, Julai 2024, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetangaza idadi ndogo ya kapteri za Libre 3 zenye kasoro ya upande wa pili: zilionyesha sukari ya juu kuliko ukweli, jambo linaloweza kumfanya mgonjwa achome insulini nyingi mno. Kwa hiyo hata kusema "kapteri huwa inashusha kidogo" au "huwa inapandisha kidogo" hakumlindi mtu.

"Afadhali kitu kuliko ukosefu"

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa familia zenyewe. Wanasema: katika vita hivi, benki zimefungwa, barabara zimekatwa, insulini yenyewe inatafutwa kwa tochi, ndugu amejinyima akanunua kapteri, nanyi mnasema isitumike? Afadhali kitu kuliko ukosefu.

Ni neno la haki, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba. Hakuna sababu ya mtu kuitupa kapteri aliyopewa. Inaweza kumfundisha mengi: kwamba soda moja inapandisha kiasi gani, kwamba kutembea baada ya chakula kunashusha, kwamba sukari inaporomoka kila siku kuelekea alfajiri. Mshale unaoonyesha kama sukari inapanda au inashuka mara nyingi una faida kuliko namba yenyewe. Huko Malawi, katika wilaya ya vijijini ya Neno, watafiti wamekwisha kuwavisha kapteri wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza ili kuona kama kifaa hicho kinaweza kutumika mbali na miji mikubwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kapteri ni kitu cha Wazungu tu. Tofauti ni kwamba huko wagonjwa walikuwa na kliniki nyuma yao.

Lakini pingamizi hilo lina upande wa pili, na ni upande wa hesabu. Kapteri moja inaisha baada ya wiki mbili hivi na kuwa takataka. Mashine ya kidole inaweza kukaa nyumbani miaka, na kopo la bandeleti 50, likitumiwa kwa mpango, linamvusha mgonjwa majuma kadhaa. Ndugu ambaye fedha zake zinatosha kitu kimoja tu anapaswa kuanza na kile kinachodumu. Kapteri ije juu ya msingi huo. Wengi wanafanya kinyume chake, si kwa ubaya: kapteri ni mpya, inaonekana, inapigwa picha na kutumwa kwenye WhatsApp. Kopo la bandeleti halipigwi picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kapteri ni mgeni mwenye faida. Lakini hata mgeni mwema anahitaji mwenyeji anayejua nyumba.

Nani afanye nini

Kwanza, waganga na wauguzi. Vituo vingi havijawahi kufundishwa kuhusu kapteri, kwa sababu serikali haizinunui. Matokeo yake, mgonjwa anayeingia na kapteri mkononi anakutana na moja ya mambo mawili: muuguzi anayeishangaa na kuamini kila namba, au muuguzi anayemwambia aitoe. Yote mawili ni makosa. Mafunzo ya nusu siku katika zone ya afya yangetosha kueleza mambo matano: inapima nini, inachelewa kiasi gani, dawa zipi zinaidanganya, mg/dl na mmol/l, na lini kidole kitobolewe. Kila mgonjwa mwenye kapteri apimwe kidole siku ya ziara, na namba mbili ziandikwe pamoja kwenye faili.

Pili, mamlaka. Kongo ina chombo cha kusimamia dawa na vifaa vya afya, ACOREP. Tangazo la kapteri mbovu linapotolewa Marekani au Ulaya, halihitaji maabara wala dola kulirudia kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Linahitaji mtu wa kulisoma na redio ya kulitangaza. Ni kweli kwamba sauti ya Kinshasa haifiki kila mahali mashariki siku hizi, na anayetawala mji mmoja si anayetawala mwingine. Lakini kapteri haiulizi nani anatawala, na redio za jamii zinavuka mistari ya vita kila asubuhi. Anayedai kuongoza watu, awe wa upande gani, ana deni hilo kwao.

Tatu, wenye famasi. Wanaoziuza kapteri waandike kwenye daftari nambari ya kila moja, jina na simu ya mnunuzi. Siku onyo likija, watajua wa kumpigia. Wasimuuzie mgonjwa wa insulini kapteri bila kumuuliza kama ana mashine ya kidole. Na kapteri iliyokaa kwenye kioo cha duka linalopigwa na jua isiuzwe.

Ine, ndugu walioko ng'ambo, ambao mikono yao ndiyo inayobeba nusu ya afya ya mashariki mwa Kongo. Kazi yao haiishi kwenye valizi. Picha ya boksi na nambari ya kapteri ibaki kwenye simu ya aliyenunua, na barua yoyote ya kampuni isomwe na kutumwa nyumbani siku hiyo hiyo. Waangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu vitu vya bei ya chini mara nyingi viko karibu kuisha muda. Wahakikishe kisomeo kinatumia mg/dl, na kwamba programu inakubali simu iliyoko nyumbani. Waeleze kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, yale ambayo karatasi imesema kwa Kijerumani au Kiingereza.

Na familia yenyewe ina kazi ndogo ambayo hakuna atakayeifanya kwa niaba yake: kutoboa kidole pale namba na mwili vinapopishana, kabla ya kuongeza au kupunguza insulini, na siku ya kwanza ya kila kapteri mpya. Insulini ya kila siku isiachwe kwa sababu simu imesema sukari iko chini. Munganga aulizwe kwanza.

Hakuna kati ya haya kinachongoja amani, wala mfadhili, wala sheria mpya. Ndugu aliyeko Bruxelles, Paris au Montréal ambaye wiki hii yuko tayari kulipia kapteri, apige simu nyumbani kabla ya kulipa na aulize: bandeleti zimebaki ngapi? Jibu likiwa sifuri, anajua cha kununua kwanza.